Baba Mkwe Amelala kwa Mafuta ya Vayoleti

Katika kijiji chetu cha Larsar, kuanzia mtoni mpaka pale msitu unapoanza, hakuna pua inayozijua vayoleti kama pua yangu mimi Banu. Nikipita tu mlangoni nakwambia ua limechumwa leo au jana, limechumwa chini ya mti gani, na aliyelichuma alikula kitunguu saumu au hakula. Haya, la kitunguu saumu tuliache, maana mkoa wetu mzima wa Gilani nani asiyekula kitunguu saumu? Na hilo la leo au jana, nilikuwa nachungulia kikapu kwanza. Tena vayoleti yenyewe haina heshima na pua ya mtu. Ukiinusa mara ya kwanza inakujaa kichwa kizima. Ukirudia, haipo, umebaki umeinama mbele ya majani kama mjinga. Subiri kidogo, inarudi yenyewe, ikitaka.

Macho, hata hivyo, ninayo. Macho haya ndiyo yaliyoona, kabla ya mama mtu na baba mtu, kwamba Farangis, binti wa mdogo wangu Sanobar, ameanza kurudi kutoka msituni na kikapu nusu. Mwaka wa nyuma alikuwa anajaza viwili.

Sababu ya kikapu nusu ilikuwa inaitwa Nozar.

Ni mtoto wa muuza dawa za miti shamba wa sokoni Lahijan. Baba yake alimtuma kwetu mwezi wa Esfand, wa mwisho wa mwaka wetu, baridi ikiwa inafunga virago, akanunue maua makavu ya dawa ya kifua na chupa za mafuta ya usingizi. Kijana mrefu, masikio yamemtoka kama vishikio vya samovari, lile birika kubwa la chai. Mzuri sana hakuwa. Lakini akicheka, ungemkopesha hata mbuzi wa maziwa. Siku ya kwanza akajitia kuchuma mwenyewe, akamletea Farangis kikapu kimefurika.

“Hizi umemchumia nani?” Farangis akamuuliza.

“Si vayoleti hizi?”

“Vayoleti za mbwa hizi. Zimesimama wima, zinajionyesha, na harufu hazina. Yenye harufu haijionyeshi. Inama.”

Akainama.

“Bado. Inama mpaka magoti yalowe. Sasa funua majani, hayo yenye umbo la moyo. Umeiona ilivyoinamisha kichwa?”

“Nimeiona,” Nozar akasema. Na ua lenyewe alikuwa halitazami.

Mimi nilikuwa nyuma ya mti naokota kuni. Sawa, kuni sikuwa naokota.

Basi mwaka mzima ulipita wa vikapu nusu, salamu kupitia kwangu, na Nozar kupanda mlima kununua dawa za kikohozi mpaka nikajiuliza kama Lahijan wote wamekufa kifua. Mwisho akaja na mama yake kuposa. Na hapo ndipo tulipogundua ugonjwa mpya wa Mashdi Yadola, baba yake Farangis.

Mara ya kwanza wageni walipoingia, Mashdi alikuwa amelala. Usiku uliopita hakupata hata lepe la usingizi, eti, akatiwa puani matone mawili mawili ya mafuta ya vayoleti, akazama. Tungefanyaje? Kwetu posa haina mdomo mpaka baba mwenye nyumba aseme neno lake, na peremende za sahani haziguswi mpaka aseme. Na nani atamwamsha mkosa usingizi aliyepata usingizi? Wageni wakanywa chai, wakaondoka. Mara ya pili wakamkuta amelala vilevile. Bi Khorshid, mama yake Nozar, akashuka mlima akiwa amefunga mdomo kama mfuko wa chumvi.

Sasa zilikuwa zimebaki siku nane Mwaka Mpya uingie, na Bi Khorshid alikuwa ameleta ujumbe: anakuja mara ya tatu, na ya tatu ni ya mwisho. Asipopata neno, anageuza njia kwa binti wa kaka yake, msichana wa mjini, mwenye cherehani na baba asiyelala mchana.

Asubuhi ya siku ya kuja kwake tulikuwa chumba cha nyuma, mimi, Sanobar na Farangis, tunabadilisha maua ya lozi. Kazi ya lozi haingoji posa. Unazimenya lozi tamu, za Kazvini ndizo bora, unazilaza kwenye sanduku la mbao: tabaka la vayoleti mbichi, tabaka la lozi, tabaka la vayoleti. Kesho yake unayatoa maua yaliyochoka, unatia mapya. Hivyo hivyo kila siku, mpaka lozi zilewe harufu zisijijue tena kama ni lozi. Ndipo unazitwanga na kuzikamua mafuta. Ukiruka siku moja, maua yanaoza, na sanduku zima umelishia kuku.

Farangis alikuwa anatoa maua yaliyochoka, na mengine machozi yake yalikuwa yameyalowesha upya.

“Mama Mkubwa,” akaniambia, “leo baba akilala tena, mimi ndiyo basi.”

“Hatalala.”

“Jana usiku nilimsikia anatembea barazani. Haigizi. Kweli hapati usingizi.”

“Usiku hapati,” nikasema. “Mchana ndiyo anaigiza.”

“Banu!” Sanobar akanikemea. “Usimseme shemeji yako uongo. Matone namtia mimi mwenyewe.”

“Unamtia, ndiyo. Na mara ya pili, paka alipompandia kifuani, aliyemsukuma ni nani? Malaika?”

Sanobar akajifanya anahesabu lozi. Anamjua mume wake. Ila yeye ni mke, na mke ana vitu ambavyo hatakiwi kuviona.

Haikupita saa, sauti ikatoka chumba cha mbele, dhaifu kama ya mtu anayeaga dunia. “Sanobar! Niletee ile chupa, mama. Kichwa changu leo si changu.”

Farangis akanitazama. Nikamwambia, “Nawa uso. Vaa lile shela la kijani. Na usisahau ndimu kwenye sharubati.”

Wageni walifika adhuhuri. Mlangoni tulibembelezana nani atangulie. “Tafadhali wewe, Bi Khorshid.” “Haiwezekani, wewe kwanza, Bi Banu.” “Nife kama nitakutangulia!” Nozar alisimama nyuma yetu na sanduku la keki za Lahijan mikononi, anahama mguu huu na huu, mpaka nikamhurumia nikaingia.

Na huyo hapo Mashdi Yadola. Kwenye godoro karibu na dirisha, mfarishi umefika kidevuni, kofia imemfunika nyusi, mikono ameikunja kifuani, mdomo ameufunga barabara. Mtu mzima aliyelala kweli mdomo unamwachia, jamani. Huyu alilala kama bibi harusi anayepigwa picha.

“Amelala,” akasema Bi Khorshid. Hakuuliza.

“Ni matone, dada yangu,” akasema Sanobar, uso umemwiva. “Usiku kucha hakufumba jicho.”

“Sisi ndio wauza dawa,” akasema Bi Khorshid, “na mafuta hayo tunauza miaka thelathini. Mteja wetu anatia matone, anaoga, anangoja, anajigeuza, kisha kama ana bahati anasinzia. Sijaona hata mmoja aliyeanguka kama gogo kila ninapobisha hodi. Tungemjua mapema mume wako, tungemweka dukani kama tangazo.”

“Mama,” Nozar akanong’ona.

“Nimesema nini? Nimemsifu.”

Farangis akaingia na sinia. Sharubati ya vayoleti kwenye bilauri, ya buluu kama anga la jioni. Akapiga goti mbele ya Bi Khorshid, akakamua ndimu, na ile buluu ikageuka, ikaanza na ukingo, ikashuka mpaka chini, ikawa waridi. Nimeona jambo hilo maisha yangu yote na bado nalitazama. Bi Khorshid naye alilitazama. Kisha Farangis akafika kwa Nozar, akashika kipande cha ndimu. Nozar akainua macho. Farangis akainua na yeye. Sikumbuki ni nani alikamua ndimu hiyo, lakini sharubati ilikuwa imeshaiva waridi na wao bado wametazamana, na uso wa msichana ulikuwa umeipita sharubati kwa rangi.

Nikakohoa. Ningekuwa sina haya ningewaacha mpaka magharibi.

“Nitasema wazi,” akasema Bi Khorshid, akiweka bilauri. “Binti nimempenda. Nisingempenda nisingepanda mlima huu mara tatu na magoti yangu haya. Lakini mwanangu ana miaka ishirini na sita, na mimi siwezi kumposea usingizi. Nitamaliza sharubati yangu, nitapumzika kidogo, nitaondoka. Na nikiondoka leo, sirudi.”

Farangis alikuwa anatazama sinia. Mfarishi dirishani haukutikisika.

Hapo ndipo nilipopata akili. Au shetani, Sanobar anasema shetani.

“Bi Khorshid,” nikasema, “kabla hujaondoka, njoo basi uone lozi. Mwaka huu zimelewa mapema. Wewe ni mtu wa kazi, utatuambia kama siku ya kukamua imefika. Sanobar, tangulia.”

“Na vijana?” Sanobar akauliza. “Tuwaache peke yao?”

“Peke yao vipi? Si baba yupo hapo?”

Bi Khorshid alinitazama, nikamtazama. Kuna mambo wanawake wawili wazima hawahitaji kuambiana. Akajishika magoti, akainuka. “Kweli,” akasema. “Mbele ya baba hakuna ubaya.”

Tukaingia chumba cha nyuma. Sanobar akamfunulia sanduku, wakaanza kubishana kama lozi imeiva au bado, na mimi nikakumbuka nimesahau kitu karibu na mlango. Kitu chenyewe kilikuwa ufa, wa upana wa kidole.

Walikuwa wamekaa mbali, huyu upande huu wa samovari, huyu upande ule. Nozar ndiye alianza.

“Farangis. Mama hatanii.”

“Najua.”

“Basi niambie nifanye nini. Nimwamshe? Nitamwamsha. Nitapiga magoti hapo alipo.”

“Usimguse!” Akashusha sauti. “Usimguse. Hujui usiku wake. Tangu mlipoleta posa anatembea barazani mpaka alfajiri. Wanasema anaigiza. Mimi sijali kama anaigiza. Nani anaigiza kwa raha?”

“Kumbe hunitaki.”

“Nozar!”

“Si ndivyo? Ningekuwa nimetakiwa, ningekuwa nimeshakula peremende moja mwaka huu.”

“Wewe unafikiria peremende,” akasema Farangis, na sasa alikuwa amekasirika, na akikasirika anapendeza, amenirithi mimi. “Mimi nafikiria nani atainama chini ya ile miti. Mama vidole vimevimba, anavifunga majani ya vayoleti kila asubuhi na kila asubuhi ananiambia amepona. Baba magoti hayana nguvu. Yeye ndiye aliyenionyesha ua la kwanza. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nachuma za mbwa kama wewe. Akanishika kichwa, akaniinamisha taratibu, akaniambia, ‘Usiwe na haraka, mwanangu, linakungoja.’ Sasa nimwache na sanduku tupu? Nikae Lahijan dukani nauza mafuta ambayo sikuyakamua?”

Nozar akainamisha kichwa. Nikadhani ameshindwa. Kisha akasogea, sanduku la keki akalisukuma kando, akakaa karibu na godoro la mgonjwa wetu, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, na kwa sababu ndipo alipokuwa amekaribia zaidi kwa Farangis.

“Nisikilize,” akasema. “Nimeshaongea na baba yangu. Kila mwaka, vayoleti ya kwanza ikichungulia tu, ninakuleta. Si kukuleta nikuache, hapana. Nakaa na mimi. Siku ishirini, mpaka lozi ya mwisho ikamuliwe. Duka atabaki nalo baba. Wewe na mama yako maua, mimi na baba yako kuvunja lozi. Nyundo nashika mimi, yeye akae kwenye jua anikosoe.”

“Atakukosoa kweli.”

“Anikosoe. Ila nikuambie, akiwa macho namwogopa. Akinitazama nasahau hata jina langu. Leo ndiyo namwona vizuri. Akiwa amelala ana sura nzuri sana, sura ya mtu mpole.”

Farangis akacheka. Akajiziba mdomo kwa shela, lakini alicheka. Na mimi, ambaye macho ninayo, nikaona mfarishi umeshuka kidogo pale kifuani kisha ukapanda, kama mtu amevuta pumzi akaizuia.

“Sasa nijibu,” Nozar akasema. “Hapa hapa, mbele yake. Ukisema hapana nitamchukua mama yangu nishuke mlima, na vayoleti nitanunua kwingine, ingawa kwingine zote ni za mbwa. Ukisema ndiyo…”

Farangis akamsogelea. Akainama, hivyo hivyo anavyoinama msituni, kichwa chini, shela likaanguka mbele, akamnong’oneza kitu sikioni. Na hapo, wapendwa, ndipo Mungu aliponiadhibu. Nilibandika sikio kwenye ufa mpaka likauma, sikusikia hata herufi. Bi Khorshid nyuma yangu alikuwa anapaza sauti, “Mbili zaidi! Siku mbili zaidi, zitakuwa tayari!” Niliona tu masikio ya Nozar, yale ya samovari, yakianza kuwa mekundu, kuanzia juu.

Tukarudi. Vijana walikuwa wamekaa kila mtu upande wake, wanatazama dari kana kwamba dari imeandikwa habari.

Bi Khorshid alisimama katikati ya chumba, akafunga mtandio wake, fundo la kwanza, fundo la pili. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa na huzuni, maana lozi zile zilimpendeza na binti alimpendeza zaidi.

“Basi, Bi Sanobar. Mungu awabariki. Akiamka mpe salamu zetu. Nozar, twende.”

Nozar hakuinuka. “Mama, ngoja kidogo tu.”

“Tumengoja mara tatu, mwanangu.”

Sanobar alikuwa ameshaanza kulia kimyakimya. Farangis alisimama, hana rangi, akamtazama yule mtu kwenye godoro. Hakumwamsha. Alimrekebishia tu mfarishi mabegani, vizuri, kama unavyomfunika mgonjwa wa kweli, na mkono wake ukabaki pale kwa muda.

Mashdi Yadola akapiga mwayo.

Mwayo mkubwa, wa kutoka miguuni. Akanyosha mkono mmoja, akanyosha wa pili, akafikicha macho, akakaa. Akatutazama kama watu walioanguka kutoka kwenye mawingu.

“Loo! Wageni!” akasema. “Bi Khorshid! Mmefika lini? Sanobar, mbona hukuniamsha? Aibu gani hii! Ni mafuta haya, wallahi, nimezama, sikusikia hata nzi.”

“Pole, Mashdi,” akasema Bi Khorshid, fundo la pili bado liko mkononi. “Tulikuwa tunaondoka.”

“Kuondoka? Bila kula hata peremende? Kaa, dada yangu, kaa. Mmekuja kwa jambo la heri, na jambo la heri halitoki nyumbani kwangu mikono mitupu.” Akakohoa. Akamtazama binti yake, kisha akaacha kumtazama, akazungumza na samovari. “Binti nampa. Nimempa. Lakini nina masharti.”

Sanobar akashika ukuta. Nozar alikuwa amepiga magoti bila mtu kumwambia.

“Sema, Baba,” akasema. “Lolote.”

“Kwanza, siku ishirini ni siku ishirini. Sitaki kusikia mnafika ya tatu, mnaondoka ya kumi na tisa, duka hivi, duka vile. Baba yako akae na duka lake. Pili, nyundo ya lozi unashika wewe, na nikikukosoa usininunie, maana utakosea. Na tatu,” akainua kidole, sauti ikapanda, “sura yangu ni ya mtu mpole hata nikiwa macho! Nani amekuambia mimi natisha?”

Sanobar akauachia ukuta.

Bi Khorshid akaliachia lile fundo. Akakaa chini taratibu, akiyashika magoti yake, huku anamtazama Mashdi kama mteja aliyeleta kopo la dawa bandia.

“Mashdi,” akasema, “hayo ya siku ishirini umeyasikia wapi?”

Mashdi Yadola akatazama ile chupa ya mafuta, kama ingeweza kumtetea.

“Nimeota,” akasema.

“Umeota.”

“Ndiyo. Mafuta mazuri haya, yanaleta ndoto.”

Nikauma shela langu. Nozar alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Farangis peke yake hakucheka. Akapiga goti mbele ya baba yake, akamshika mikono yote miwili, macho yamemjaa maji na mdomo umeanza kumponyoka.

“Baba,” akamuuliza, “na katika hiyo ndoto, Nozar aliponiuliza, mimi nilimjibu nini?”

Mzee alimtazama. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko ya mkwe wake.

“Ulimjibu ndiyo,” akasema. “Mara mbili. Ile ya pili ndiyo iliyoniuma.”